Daftari la Nchi Kame

Katika miaka ya 1930, mtafiti aliyeitwa R. R. Staples alipima huko Mpwapwa jambo ambalo kila mkulima wa Ugogo alikuwa akiliona kwa macho yake lakini hakuna aliyekuwa amelitolea tarakimu: mvua ikishanyesha, maji yake huenda wapi, na huondoka na nini. Vishamba vidogo vya majaribio vilitengwa kwenye mteremko, kila kimoja kikazungushiwa kizuizi ili maji ya jirani yasiingie, na upande wa chini kukawekwa mahali pa kukinga maji pamoja na udongo uliosombwa. Kishamba kimoja kiliachiwa kichaka chake cha asili, kingine kikawa cha nyasi, kingine kikalimwa nafaka, na cha mwisho kikafyekwa kikaachwa uchi. Mvua ikikatika, kilichokusanyika kilipimwa na kuandikwa. Penye kichaka, maji yaliyotiririka hayakufika hata asilimia moja ya mvua iliyonyesha, na penye nyasi hayakufika asilimia mbili; udongo haukupotea kwa kiasi cha kupimika. Kishamba kilicholimwa kilipoteza robo ya mvua yake na tani 78 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Kile kilichoachwa uchi kilipoteza nusu ya mvua na tani 146 za udongo. Mvua ilikuwa ileile. Tofauti ilitokana na kilichofunika ardhi.

Tarakimu hizo zimenukuliwa katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kote, na bado zinafundisha kuliko mihadhara mingi. Zinaeleza kwa nini mtama wa jirani mmoja unastahimili wiki tatu za jua na wa mwenzake unanyauka baada ya siku kumi, ingawa mawingu yaliyowapitia ni yaleyale. Zinaeleza pia kwa nini bwawa lililochimbwa kwa gharama kubwa linaweza kujaa mchanga kabla watoto walioliona likizinduliwa hawajaoa. Nazitaja mwanzoni kwa sababu hoja ya sura hii imesimama juu yake. Shahada ya maliasili na uhifadhi inayosomwa Dodoma inapaswa kujengwa juu ya upimaji wa muda mrefu wa ardhi ya kawaida, yaani mashamba, malisho, makorongo, vichaka na visima. Na chuo kikuu katika nchi kame kina wajibu mmoja ambao hakuna taasisi nyingine inayoweza kuubeba vizuri zaidi, nao ni kutunza kumbukumbu za nchi yenyewe mwaka baada ya mwaka, kizazi cha wanafunzi baada ya kizazi.

Sababu ya kwanza iko katika hali ya mvua. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na wastani huo haumwambii mkulima chochote cha kumsaidia. Mwaka mmoja mvua hukatika Februari, mahindi yakakauka yakiwa na mbelewele. Mwaka mwingine korongo lililokuwa kavu linabomoa daraja kwa usiku mmoja. Nchi ya namna hii huishi kwa miaka isiyo ya kawaida: ukame mmoja mkubwa huamua nani atabaki na ng'ombe, na msimu mmoja wa mafuriko huamua visima vitakuwa na maji kwa muda gani. Sasa mfikirie mwanafunzi anayeingia chuoni na kuhitimu baada ya miaka mitatu. Ameshuhudia misimu mitatu ya mvua. Huenda yote ilikuwa mizuri, na akaondoka akiamini kwamba nchi inapona. Huenda yote ilikuwa mibaya, akaondoka akiamini kwamba jangwa limefika mlangoni. Akili yake haina kosa, na wahadhiri wake hawana kosa. Urefu wa shahada haulingani na mwendo wa nchi anayoisoma, na njia pekee ya kuziba pengo hilo ni kumkabidhi daftari lililoanzishwa na waliomtangulia.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hili unatoka Makutupora, kaskazini mwa jiji, katika visima vinavyoinywesha Dodoma. (Msomaji asiichanganye na Makutupora ya Manyoni, inayotajwa katika habari za reli ya kisasa.) Tangu katikati ya miaka ya 1950 watumishi wa idara ya maji wamekuwa wakipima kina cha maji ya ardhini mahali hapo. Ni kazi isiyo na sifa. Mtu anashusha kipimo kisimani, anasoma, anaandika, anaondoka. Kesho kutwa mwingine anarudia. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa rekodi ya miaka 55 ya vipimo hivyo, uliofanywa na watafiti wa Tanzania na Uingereza wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London. Walichokuta ni kwamba maji ya Makutupora hayajazwi na mvua ya kila mwaka. Kwa miaka mingi mfululizo kina huzidi kushuka, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998, na maji yanapanda kwa ghafla kiasi cha kufidia miaka yote iliyopita. Mvua ya kawaida hulowesha udongo wa juu ikaishia kwenye mizizi na kwenye jua. Mvua kubwa iliyodumu ndiyo inayoshuka hadi kwenye akiba ya chini.

Tuseme chuo kingempeleka mwanafunzi Makutupora kati ya mwaka 1996 na 1999 afanye utafiti wake na kufunga ripoti. Angeandika kwamba maji yanaongezeka. Mwenzake wa miaka michache baadaye angeandika kwamba yanakwisha na jiji linakaribia kufa kiu. Kila mmoja angekuwa na takwimu sahihi, jedwali safi na hitimisho lisilo sahihi. Na hitimisho hilo lingekuwa na madhara, kwa sababu jiji linakua kwa kasi. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma ikiwa na watu 410,956; sensa ya 2022 ililikuta Jiji likiwa na watu 765,179. Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, baada ya uamuzi uliopitishwa mwaka 1973, na kila wizara iliyohamia ilikuja na watumishi wanaooga, kupika na kujenga. Anayepanga maji ya watu hawa anahitaji kujua akiba itamfikisha wapi miaka ya kushuka ikifuatana, na jibu hilo limo ndani ya ile miaka 55 tu.

Kongwa inatupa upande wa pili, yaani gharama ya kupanga bila daftari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki tisa. Ulirudi na pendekezo la kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa karanga zilikuwa kama 7,500. Vichaka vilifyekwa kwa matrekta makubwa na ardhi ikaachwa wazi, jambo ambalo vishamba vya Mpwapwa, wilaya ya jirani, vilikuwa vimeshaonyesha hatari yake. Udongo wa Kongwa, unaolimika vizuri ukiwa na unyevu, hukauka ukagandamana kiasi kwamba kung'oa karanga kunakuwa kazi ya kuvunja vyuma. Ukame ukaja, kama unavyokuja. Januari 1951 mradi ulifutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Huwa inasemwa kwamba kosa lilikuwa kutowasikiliza wenyeji, na ni kweli. Lakini hata ujumbe wenye masikio usingeweza kuijua Kongwa kwa wiki tisa, kwa sababu tabia ya nchi kame haionekani kwa wiki tisa. Wazee wa Kigogo waliijua kwa kuwa walikuwa wameishi ndani yake wakarithi na maneno ya waliokufa.

Hapo ndipo ninapotaka kulijibu pingamizi la kwanza, kwa sababu linatoka kwa watu wanaoipenda nchi hii. Wanasema: kama wenyeji wanajua, chuo kikuu cha nini? Wafundisheni wanafunzi kuwasikiliza wazee, mengine ni mapambo. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Wagogo wana kumbukumbu ya njaa zilizopewa majina, na Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920 iliyofuata vita vya Wajerumani na Waingereza kunyang'anya watu chakula, mifugo na vijana, bado inasimuliwa. Kumbukumbu ya njaa ni kumbukumbu ya miaka isiyo ya kawaida, na tumeona Makutupora kwamba miaka hiyo ndiyo inayoendesha mambo. Mwanafunzi wa uhifadhi asiyejua kukaa na mzee, kumwamkia inavyotakiwa na kumwuliza mlima huu ulikuwa na miti gani wakati wa ujana wake, amekosa rejista moja muhimu. Lakini kumbukumbu ya mdomo haipimi tani za udongo, wala haisemi maji ya chini yameshuka mita ngapi tangu pampu zifungwe. Mzee anajua kisima kilikauka mwaka gani. Kipimo kinaonyesha kilianza kushuka miaka mingapi kabla, wakati bado kulikuwa na nafasi ya kufanya jambo. Rejista hizi mbili zinahitajiana, na kazi ya kuziweka mezani pamoja ni ya chuo.

Hakuna mahali hoja hii inapopata mtihani mgumu kama Kondoa. Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO. Milima ya Irangi huko Kondoa ilikuwa imekatwakatwa na makorongo, mengine yenye kina cha kumeza nyumba, na mchanga uliotoka huko ulikuwa umefunika mabonde. Mwanzoni mradi ulichimba makinga maji na kupanda miti huku mifugo ikiendelea kuchungwa humo, na matokeo yakawa hafifu. Mwaka 1979 ukachukuliwa uamuzi mzito: mifugo yote iondoke katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda waliondolewa. Ndani ya miaka michache nyasi zilirudi, kingo za makorongo zikajifunika, na watu wakaanza kulima miwa na viazi vitamu kwenye mabonde ya mchanga ambayo hapo awali yalipitisha mafuriko tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ufugaji wa ndani wa ng'ombe wachache wa maziwa ukaruhusiwa. Kwa yeyote aliyeziona picha za kabla na baada, Kondoa ni ushahidi kwamba ardhi iliyoharibika inaweza kupona.

Ni ushahidi pia wa mengine. Familia zilipoteza maziwa, samadi, ng'ombe wa kulimia na akiba yao yote ya siku ya shida. Mifugo iliyoondolewa haikutoweka duniani. Sehemu kubwa ilihamia nyika za jirani, na mzigo ukahama pamoja nayo. Wakazi waliobaki waliona milima yao ikirudi kijani huku mlo wao ukipungua. Je, ilikuwa lazima mifugo yote iondolewe? Nusu yake ingeweza kubaki? Robo? Hilo ndilo swali ambalo wilaya kame yoyote ya Tanzania ingetaka lijibiwe leo, na Kondoa haikuweza kulijibu, kwa sababu ukiondoa mifugo yote kwa pamoja hubaki na mahali pa kulinganisha. Amri ilifanya kazi, lakini ilifanya kazi kwa namna isiyofundisha.

Kilichokuja kutufundisha ni utafiti, tena uliochukua miongo. Mwaka 1972 watafiti wa Dar es Salaam na Uppsala walichapisha vipimo vya mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi karibu na Dodoma: kwa kupima mchanga uliotua chini ya bwawa walihesabu udongo uliokuwa ukiondoka milimani, na hesabu zikaonyesha kwamba baadhi ya mabwawa hayo yangeishi miongo michache tu. Carl Christiansson wa Stockholm akaendeleza kazi hiyo na kuichapisha mwaka 1981. Watanzania kama Idris Kikula na Claude Mung'ong'o wakaichunguza Kondoa kutoka upande wa jamii na historia yake. Kisha mwaka 2000 uchunguzi wa umri wa tabaka za udongo katika milima ya Irangi ukaonyesha jambo ambalo halikuwa kwenye hotuba ya yeyote: mmomonyoko mkubwa ulitokea zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, hali ya hewa ilipobadilika, na ukatokea tena ndani ya miaka 1,000 ya karibuni, watu walipofyeka misitu. Hapo hadithi iliyozoeleka tangu ukoloni, kwamba mfugaji wa karne ya ishirini na kundi lake kubwa ndiye aliyechimba makorongo ya Kondoa, ilipoteza mguu mmoja. Haikufa. Kwato ziliongeza uharibifu, na kupona baada ya 1979 kunathibitisha hivyo. Lakini aliyehukumiwa peke yake hakuwa mkosaji peke yake, na watu waliotozwa gharama ya hifadhi wana haki ya kulijua hilo.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya watafiti wakubwa, wenye shahada za uzamivu na fedha za wafadhili, na kijana wa shahada ya kwanza hana nafasi humo. Napinga. Tazama walivyofanyiwa wanyama. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, na hesabu hiyo, pamoja na udhaifu wake, ilirudiwa na wengine tena na tena. Idadi ya nyumbu ikaonekana kupanda kutoka robo milioni hivi mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa kuwa mfululizo ulikuwepo iliwezekana kutafuta sababu. Sababu ikakutwa nje ya hifadhi: chanjo ya ng'ombe wa wafugaji dhidi ya sotoka. Nyumbu wengi wakala nyasi nyingi, moto ukapungua, miti ikaongezeka. Hayo yote yametokana na kurudia kipimo kilekile. Lakini udongo wa Ugogo, unaolisha mamilioni ya watu, haukupata mfululizo wa namna hiyo. Vishamba vya Mpwapwa vilikwisha, mradi wa mabwawa ukakwisha, HADO ikakwisha. Mkoa wenye watu 3,085,625 kwa sensa ya 2022 unastahili kufuatiliwa kwa uvumilivu uleule tuliowapa nyumbu, na uvumilivu huo hauhitaji uzamivu. Unahitaji kijana aliyefundishwa kusoma kipimo bila kubahatisha na kuandika asichokipenda.

Pingamizi zito zaidi ni la haraka. Miti inakatwa leo, mkaa unaingia mjini leo, na mwalimu anawaambia vijana wakae wapime? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama kupima kungezuia kutenda. Angalia kinachofanyika sasa hivi vijijini Dodoma kwa jina la Kisiki Hai, mpango ulioanza mwaka 2018 chini ya LEAD Foundation ya Dodoma na Justdiggit ya Uholanzi. Mkulima haoteshi mche. Anatafuta kisiki kilichokatwa zamani ambacho mizizi yake ingali hai ardhini, kikiwa kimechipua vijiti kadhaa kama kichaka kisicho na mpango. Anachagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, anapogoa mengine, anafunga kitambaa cha rangi ili kila apitaye ajue kwamba kisiki kina mwenyewe, kisha analinda dhidi ya mbuzi na shoka. Mizizi ni ya zamani na imeshafika kwenye unyevu, kwa hiyo mti hauhitaji kumwagiliwa. Njia hii ilienea kwanza Niger kuanzia miaka ya 1980, kwa juhudi ambazo Tony Rinaudo wa Australia alikuwa mmoja wa waasisi wake, na zaidi ya hekta milioni tano zikarudishiwa miti. Dunia ilikuja kuamini hilo baada ya picha za angani za miaka ya 1970 kulinganishwa na zile za miaka ya 2000. Yaani hata tendo lililofanikiwa namna ile lilihitaji kipimo cha zamani ili lijulikane kuwa limefanikiwa.

Na Dodoma maswali yanangoja. Machipukizi mangapi yaachwe kwenye kisiki cha mgunga, na mangapi kwenye cha mti mwingine? Uwele ulio chini ya miti hiyo unatoa magunia mengi zaidi au machache zaidi ukilinganisha na wa shamba la jirani, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame? Visiki vingapi vilivyofungwa kitambaa bado ni miti baada ya miaka kumi? Shirika haliwezi kuyajibu peke yake, kwa kuwa mradi una mwisho na mfadhili ana ripoti ya kusoma. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kinachofundisha shahada ya mipango na usimamizi wa mazingira, viko umbali wa safari ya daladala au basi kutoka vijiji hivyo. Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma alikuwa Profesa Kikula, huyohuyo aliyeichunguza Kondoa. Uhusiano kati ya chuo na ardhi inayokizunguka ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichobaki ni kuufanya kuwa utaratibu.

Vipi setilaiti? Siku hizi kijana akiwa na kompyuta na intaneti anaweza kuona kijani cha Bahi au Chemba kwa kila wiki ya miaka mingi iliyopita, bure. Ni neema, na kila mwanafunzi afundishwe kuitumia. Lakini setilaiti huona kijani bila kujua kama ni nyasi inayoliwa au ni kichaka cha miiba ambacho mbuzi wenyewe wanakikwepa. Haisomi kina cha kisima kimoja kimoja, wala haijui kwamba mlima ule umerudi kijani kwa sababu vijana wote wamehamia mjini. Bila mtu aliyekwenda akapima chini, picha inabaki kuwa dhana nzuri.

Kisha linakuja lile la ajira, ambalo wazazi hulisema waziwazi. Wanaoomba kusoma uhifadhi wengi wana picha ya sare ya kijani ya hifadhi za taifa (TANAPA), au nafasi katika mamlaka ya wanyamapori (TAWA), au wakala wa misitu (TFS), au dawati la afisa misitu wa halmashauri. Nafasi hizo ni chache kuliko wahitimu, na mtu anayewaambia vijana vinginevyo hawatendei haki. Siahidi kwamba daftari la mvua litamwajiri kila mtu. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa kupima unanunuliwa mahali pengi kuliko ujuzi wa kueleza umuhimu wa mazingira. Ofisi za mabonde ya maji zinauhitaji. Tathmini za athari kwa mazingira, zinazodaiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinauhitaji, na zikifanywa na mtu asiyejua kupima zinakuwa makaratasi ya kutimiza masharti. Biashara ya kaboni inauhitaji kuliko zote: Wahadzabe wa bonde la Yaeda wanalipwa kwa kulinda miti yao kupitia Carbon Tanzania kwa sababu kaboni iliyomo inaweza kukadiriwa na kukaguliwa. Vijiji vya Dodoma vikitaka kuingia soko hilo kwa visiki vyao, mtu atapaswa kupima kipenyo cha shina na kukirudia kipimo hicho miaka inayofuata. Kama hatakuwa mhitimu wetu, atakuja mgeni, na sehemu ya malipo itaondoka naye.

Gharama ya upimaji huu ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kipimamvua ni chombo cha bei nafuu. Vishamba vya majaribio kama vile vya Mpwapwa vinahitaji mabati, majembe na watu makini. Kinachogharimu ni mwendelezo: msimamizi ambaye hahamishwi kila mwaka, kabati lisilovuja na nakala ya pili kwenye kompyuta. Kinagharimu pia kukusanya kilichokwisha kuandikwa, maana tasnifu kadhaa za msingi kuhusu Kondoa ziliandikwa na kutunzwa Stockholm. Mwanafunzi wa Dodoma angepaswa kuzikuta kwenye maktaba ya chuo chake, na muhtasari wa Kiswahili uwe kwenye ofisi za vijiji vilivyochunguzwa.

Mabadiliko ya kwanza kabisa hayahitaji hata fedha hiyo. Yanahusu kalenda. Mafunzo kwa vitendo ya vyuo vyetu kwa kawaida hufanyika baada ya mitihani, Julai hadi Septemba. Ndani ya miezi hiyo Dodoma haipati mvua. Makorongo ni makavu, malisho yameisha, mashamba yamevunwa, na kijana anayesoma mmomonyoko wa udongo anapelekwa uwandani katika msimu ambao hakuna tone moja litakalousogeza udongo huo. Anarudi na dodoso la maoni ya wanakijiji, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kupima. Mihula iko kinyume: mvua inaponyesha, kuanzia Desemba hadi Aprili, wanafunzi wako chuoni, wamekaa darasani wakisoma kuhusu mvua, na jua linapowaka ndipo wanapotumwa nje. Wasimamizi watasema kwamba ratiba hupangwa kwa vitivyo vyote pamoja na haiwezi kupindishwa kwa ajili ya kozi moja. Lakini vyuo vya ualimu hupanga mazoezi ya kufundisha kwa kufuata kalenda ya shule, kwa kuwa hakuna maana ya kumpeleka mwalimu kwenye darasa lisilo na watoto. Kozi ya maliasili iombe haki hiyohiyo: wiki sita za Januari na Februari, vijijini, wakati maji yanatiririka, na daftari la mwaka uliotangulia likiwa mkononi mwa kila kundi linaloondoka.